Twiga Haendi Matiti

Sanamu ya twiga wa Kimasai iliyofinyangwa kwa udongo wa polima katika kipimo cha 1:30, ambayo wapenzi wa ufundi huu waliifuatilia tangu waya wa kwanza ulipokunjwa hadi rangi ya mwisho ilipokauka, ni kazi ya mkono uliokomaa iliyoharibiwa na uamuzi mmoja, nao ulifanywa kabla udongo haujaguswa. Mabaka yenye kingo za mchongoko yamepakwa vizuri kwa tabaka nyembamba za akriliki, na tanuri halikuacha ufa wowote.

Kosa liko kwenye kiunzi, yaani mifupa ya waya inayobeba udongo. Fundi aliinua mguu wa mbele wa kulia pamoja na wa nyuma wa kushoto, akaiacha ile mingine miwili imekanyaga. Mpangilio huo, ambamo miguu iliyo mshazari huinuka na kutua kwa pamoja, ndio mwendo wa matiti, mbio ndogo za farasi na punda, ilhali twiga ana miendo miwili tu, kutembea na kwenda shoti, yaani kukimbia mbio kamili, na matiti hayamo. Anapotembea, mguu wa nyuma ndio unaotangulia, na ule wa mbele wa upande huohuo huufuata karibu papo hapo, hata mtazamaji akadhani kwamba upande mzima wa kushoto unasogea kwanza, kisha wa kulia. Maumbile yenyewe yanaeleza kwa nini: kiwiliwili ni kifupi na miguu ni mirefu mno, hivyo mguu wa nyuma hauna pa kukanyaga mpaka wa mbele uwe umeondoka.

Utetezi unaotolewa kwa uamuzi huo ni wa uthabiti. Inadaiwa kwamba sanamu inayosimama kwa miguu ya mshazari hubeba uzito wake katikati, na kwamba ikisimama kwa miguu ya upande mmoja itapinduka. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama sanamu isingekuwa na kitako. Lakini hii ina kitako cha mbao, na ncha za waya zimepenyezwa humo na kugandishwa kwa gundi, kwa hiyo kinachoizuia isianguke ni waya, si mkao wa miguu. Hata kama kitako kisingekuwapo, katika kila hatua ya twiga ipo nukta ambapo miguu mitatu iko chini, na fundi aliyetaka uthabiti angeichagua hiyo. Linalosikitisha zaidi ni kwamba, wakati waya ulipokuwa bado mtupu, koleo lingeirekebisha miguu hiyo kwa dakika moja. Udongo wa polima ukishaokwa kwa nyuzi joto 130 hivi za Selsiasi hukakamaa, na mguu haukunjiki tena bila kuvunjika.

Safu hii haijachoka kulalamika kwamba wafinyanzi wa siku hizi hushindana kwa brashi na vanishi, ile rangi angavu ya kung'arisha ambayo humfanya kila mnyama aonekane amelowa mvua, huku mwendo wa mnyama mwenyewe ukiachwa kwa mazoea ya kuchora farasi. Uchunguzi wa Gábor Horváth na wenzake wa Hungaria, uliochapishwa mwaka 2009, ulikuta kwamba nusu ya wanyama wa kuchezea waliokaguliwa wakiwa katika hali ya kutembea miguu yao ilipangwa kimakosa, ingawa Eadweard Muybridge alikwisha kuchapisha picha za mfuatano wa miendo ya wanyama tangu 1887.

Antoine-Louis Barye, bingwa wa sanamu za wanyama wa Ufaransa katika karne ya 19, hakuwa na picha hizo alipoanza kazi. Alikwenda katika bustani ya Jardin des Plantes, Paris, akawachora wanyama wakiwa hai na kuwapima wakiwa wamekufa, ndipo akagusa nta. Katika bustani hiyohiyo aliishi Zarafa, twiga aliyetembea kwa miguu yake kutoka Marseille hadi Paris mwaka 1827, naye peke yake aliwatosha Wafaransa kuijua hatua ya twiga. Ni vigumu kumsamehe fundi wa leo anayemfinyanga mnyama wa taifa la Tanzania bila kutazama anavyotembea.

Wachongaji wa Kikamba waliomfuata Mutisya Munge wa Wamunyu, Kenya, walikuwa na busara nyingine: twiga wao wa gogo moja kwa kawaida husimama wima, miguu yote minne chini, na hakuna anayeweza kuwakosoa kwa mwendo ambao hawakudai kuuonyesha. Kanuni hiyo ingali inafaa. Asiyekuwa na uhakika wa hatua na amsimamishe mnyama wake. Na anayetaka atembee, aamue miguu kwanza, kwa sababu hakuna rangi itakayoinyosha baadaye.