Vina vya Kiingereza: kasoro iko kwenye swali, si kwenye sikio la mwanafunzi

Kama umesoma shule zetu, huenda unalikumbuka swali hili: unapewa neno moja la Kiingereza, unaambiwa utafute mengine yenye vina nalo, halafu uandike maana zake. Linaonekana jepesi, la kujipatia maksi za bure. Leo tulikague kama tunavyokagua kipimo chochote cha maabara. Linapima nini hasa?

Tuanze na haki yake, maana wazo lenyewe ni zuri. Mwaka 1983, Lynette Bradley na Peter Bryant wa Oxford walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliofuatilia watoto wapatao 400 wa Uingereza. Watoto waliokuwa wepesi kugundua neno lisilofanana kwa sauti na wenzake, kabla hata hawajajua kusoma, ndio waliokuja kusoma vizuri zaidi miaka iliyofuata. Kwa hiyo vina si mchezo tu. Mtoto anayesikia kwamba maneno mawili yanaishia sawa ameanza kulipasua neno vipande vipande, na kusoma kunahitaji hilo. Lakini kumbuka, wale walikuwa wanacheza na lugha waliyokua nayo nyumbani. Ukilibeba zoezi lilelile hadi darasa la Ikungi au Mkalama bila kuligusa, linaanza kupima kitu kingine.

Kasoro ya kwanza: kanuni haitajwi. Katika mashairi ya Kiswahili, kina ni silabi ya mwisho. "Paka" na "toka" zina kina kimoja, -ka, basi, yameisha. Kiingereza hakihesabu hivyo. Kina chake huanzia kwenye irabu ya silabi yenye mkazo, kikaendelea hadi mwisho wa neno, na konsonanti inayotangulia irabu hiyo inatakiwa iwe tofauti. Ndiyo maana "nation" (taifa) na "station" (kituo) zina vina, lakini "nation" na "mansion" (jumba la kifahari) hazina, ingawa silabi ya mwisho inatamkwa vilevile. Sasa mwanafunzi anayeyapenda mashairi ataandika "mansion" na kupigwa mkasi. Hakubahatisha. Ametumia kanuni aliyofundishwa kipindi cha Kiswahili, na hakuna aliyemwambia kwamba kipindi cha Kiingereza kina nyingine.

Kasoro ya pili: lafudhi haitajwi. Chukua neno "bird" (ndege). Kwa matamshi ya Uingereza yanayofuatwa na vitabu vingi, vina vyake ni "word" (neno), "third" (ya tatu), "heard" (alisikia) na "herd" (kundi la mifugo). Ona tahajia zilivyotawanyika, wakati sauti ni moja. Halafu "beard" (ndevu), inayofanana kabisa na "heard" kwa macho, haimo. Anayetafuta vina kwa kuangalia herufi amekwisha.

Lakini hata anayesikiliza ana shida yake. Kiingereza cha Uingereza kina irabu kama 20 ukihesabu na zile zinazoteleza kutoka sauti moja hadi nyingine. Kiswahili kina 5. Midomoni mwa wengi wetu, "bird" hutoka karibu sawa na "bad". Mwanafunzi akiandika "sad" kama kina cha "bird", amesikiliza vizuri kabisa: amesikiliza Kiingereza kinachosemwa darasani kwake, pengine na mwalimu mwenyewe. Swali linadai sauti ambayo hakuna aliyeitamka chumbani humo.

Utasema, si kuna programu za kutafuta vina kwenye simu? Zipo, na zinasaidia, ila zina lafudhi pia. Nyingi zimejengwa juu ya kamusi ya matamshi ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, yenye maneno zaidi ya 134,000 yaliyoandikwa kwa alama 39 za sauti. Programu inachukua alama kuanzia irabu yenye mkazo hadi mwisho wa neno, kisha inatafuta maneno yenye mkia uleule. Kazi safi, lakini matamshi yaliyomo ni ya Marekani. Mwingereza wa London ataona "saw" (msumeno) na "door" (mlango) zina vina, kwa sababu haitamki ile r ya mwisho. Mmarekani wa Chicago anaitamka, kwa hiyo kwake hazina. Mwanafunzi anayenakili jibu la simu kwenye daftari linalosahihishwa kwa matamshi ya Uingereza anaweza kukosa bila kujua kwa nini.

Kasoro ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi: swali linamchukulia mtoto wa Singida kama mtu asiye na sikio. Kinyaturu, ambacho wenyewe hukiita Kirimi, kina irabu 7: kinatenganisha i mbili na u mbili pale Kiswahili kinapokuwa na moja moja. Si irabu zilezile za Kiingereza, tusidanganyane. Lakini mtoto aliyekua na Kinyaturu ameshazoea kwamba kuna i hii na i ile, na kwamba ukizichanganya neno linabadilika. Hilo ndilo linalotakiwa kutofautisha "ship" (meli) na "sheep" (kondoo). Tunaliacha nje ya mlango wa darasa, halafu tunalalamika hawasikii.

Nini kifanyike? Kwanza, swali litaje kanuni na lafudhi, kisha maneno yasomwe kwa sauti kabla ya kuandikwa. Pili, tuanzie tulipo. "Shirt" na "skirt" zina vina kwa Kiingereza, ila sisi tumezipokea kama shati na sketi. "Bank" na "tank" zina vina, sisi tuna benki na tangi. Kinyume chake, basi na glasi zinaishia sawa kwetu, wakati "bus" na "glass" hazina vina London wala Chicago. Mtoto akijiuliza kwa nini, ameshaingia kwenye sayansi ya sauti. Tatu, maana iulizwe ndani ya sentensi, maana kina hakikuambii lolote kuhusu maana: "herd" na "heard" hutamkwa sawa, moja ina ng'ombe na nyingine ina masikio.

Hili si jambo dogo. Kidato cha Kwanza, Kiingereza kinakuwa lugha ya kufundishia karibu masomo yote. Anayefika pale akiamini sikio lake ni bovu hatanyoosha mkono, hata kwenye fizikia.

Jaribu mwenyewe, kwa sauti na si kwa macho: panga "said", "paid", "bed", "made" na "head" katika makundi mawili. Ukipata "said", "bed" na "head" upande mmoja, "paid" na "made" upande wa pili, umepata. Sasa mpe jirani yako, na umtajie kanuni kwanza.