Hati Katika Chombo cha Udongo: Uhakiki Mfupi wa Yeremia 32

Wasomaji wengi wa Yeremia sura ya 32 hukimbilia neno imani. Sisi wa fasihi hatuna budi kuanza na hati. Ni mwaka wa 10 wa Mfalme Sedekia. Jeshi la Babeli limeuzingira mji wa Yerusalemu, naye nabii amefungwa katika ua wa walinzi. Binamu yake Hanameli anamjia akitaka kumwuzia shamba la Anathothi. (Huenda Hanameli alihitaji fedha tu, msimulizi hatuambii.) Yeremia ananunua.

Tazama msimulizi anavyokawia hapa. Fedha inapimwa, shekeli 17. Mashahidi wanatia sahihi. Hati ni mbili, moja ya muhuri na nyingine ya wazi, na Baruku anaagizwa azitie katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Hisia za mnunuzi hazitajwi. Baadaye, katika sala, ndipo tunagundua kwamba yeye mwenyewe anashangaa kuambiwa anunue shamba wakati mji unatekwa. Kwa maoni yangu, nguvu ya sura imo katika mpangilio huo: tendo kwanza, mashaka baadaye. Mahubiri mengi huupindua.

Kiebrania kinampa Yeremia haki mbili, ya kurithi na ya kukomboa. Neno komboa liliwasumbua wanafunzi wangu hapa Mbarara. Kwao ni neno la vita na uhuru. Niliwakumbusha kwamba hata rehani hukombolewa. Hapo mwanafunzi mmoja mzaliwa wa Kivu, anayeishi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, akasema, "Mwalimu, hata sisi tunayo hati." Baba yake ameitunza hati ya kiwanja chao cha Kongo ndani ya mfuko wa nailoni. Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950, na shamba wanalogawiwa huko ni la kulima, si la kuuza.

Nilimwuliza kama mzee anaamini watarudi.

"Hasemi, Mwalimu. Mvua zikiisha huitoa akaianika."

Sijapata ufafanuzi bora wa sura hii. Lakini tusiifundishe peke yake. Katika sura ya 43 Yeremia anachukuliwa Misri, na kitabu hakimwonyeshi popote akililima shamba lile. Muhula ujao nitazisomesha sura hizo mbili pamoja.