Jitu au Mtu? Kimo cha Fumo Liyongo na Suala la Ngeli

Katika uhakiki wa tendi, Fumo Liyongo huitwa pengine "jitu". Neno hilo laonekana kumfaa: katika utenzi wa Muhamadi Kijumwa wa mwaka 1913, shujaa huyu ni mrefu na mpana kupita kiasi, na panda anayoipuliza hupasuka. Hata hivyo, linaficha jambo ambalo masimulizi yenyewe yamelihifadhi.

Kwa kawaida, nomino za viumbe hai huchukua upatanisho wa A-WA hata zikiwa na umbo la ngeli nyingine: kijana amefika, waziri amefika. "Jitu" na "zimwi" huweza kubaki katika LI-YA. Methali "Zimwi likujualo halikuli likakwisha" yathibitisha hivyo: kiumbe mwenye kujua na kula ananyimwa upatanisho wa watu. Ukubwa wa aina hii haupimi mwili tu, bali humtenga kiumbe na jamii. Kwa upande mwingine, "pandikizi la mtu" na "mtu wa miraba minne" hukuza mwili bila kufuta utu.

Liyongo amesawiriwa kwa njia hii ya pili. Zimwi la ngano huwatafuta watu liwale. Liyongo hutafutwa na Wagala, wakamwoza binti yao ili wapate mbegu yake. Kimo chake, basi, ni cha kurithishwa. Kifo chake nacho ni cha kifamilia: mwanawe humchoma sindano ya shaba kitovuni, mahali palipomuunganisha na mamaye. Hata anapokufa akiwa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, watu wenye hofu humwendea mama huyo awasaidie. Zimwi halina mama wa kuendewa.

Inaweza kudaiwa kwamba ukubwishaji husifu pia. Ni kweli, hasa katika mazungumzo, ambapo sauti na uso wa msemaji huonyesha nia yake. Msomaji wa tahakiki hana msaada huo. Tena, athari yake si ya kisarufi pekee. Jitu likiuawa, mji hupumua. Mtu akiuawa na mwanawe kwa ahadi za mtawala, huo ni usaliti. Mhakiki anayemwita Liyongo jitu humpa Sultani wa Pate, bila kukusudia, utetezi ambao utenzi haukumpa.