Ndege ya Jangwani na Wafu Wasiozikwa

Katika kijitabu hiki tumezoea kusema juu ya desturi za wazee wetu. Safari hii tunachambua filme ya Wamarekani, Sole Survivor, iliyoonyeshwa kwa televisheni mwaka 1970. Msishangae. Ni filme ya wafu wanaongoja, na jambo hilo linatugusa sisi pia.

Hadithi yenyewe ni hii. Askari watano wanakaa karibu na ndege yao ya mabomu, B-25, iliyoanguka katika jangwa la Libya wakati wa vita ya pili ya dunia. Miaka 17 imepita. Nguo zao ni zilezile, hawakuzeeka, wanacheza besiboli mchangani ili siku ziende. Ni wafu, lakini hawatishi mtu. Wanangoja tu mifupa yao ipatikane, irudishwe nyumbani. Siku moja wachunguzi wa jeshi wanafika, pamoja na jenerali mmoja. Kumbe jenerali huyu ndiye aliyekuwa mwongoza njia wa ndege ile. Aliogopa, akaruka na parashuti juu ya bahari, akaacha wenzake wapotee. Kisha akadanganya kwamba wote waliruka baharini pamoja naye. Wafu wanamwona, yeye hawaoni.

Kila mwili unapopatikana, mwenyewe anatoweka mbele ya wenzake. Mwishoni mmoja anabaki peke yake, maana wake haujaonekana. Hapo tulinyamaza. Ni nani kati yetu asiyejua familia ambayo mtu wao alipotelea vitani au ziwani? Matanga ya namna ile hayaishi. Mlango ukilia usiku, mama anainua kichwa. Filme imelisema jambo hilo bila kelele, na kwa hilo tunaisifu.

Sasa tuje kwa wapenzi wa ndege za zamani. Wakizungumza juu ya filme hii, hawaanzi na wafu, wanaanza na moteri. Wanasema: hadithi imetoka kwa ndege ya kweli, Lady Be Good, nayo haikuwa B-25 ya moteri mbili. Ilikuwa B-24 ya moteri nne, na ndani mlikuwa watu 9. Mwanzoni tuliwacheka. Watu wanalia mfu, ninyi mnahesabu moteri! Lakini tulipofuata hesabu yao, kicheko kiliisha.

Tarehe 4 Aprili 1943 ndege ile ilitoka Soluch, Libya, kwenda kupiga mabomu Napoli, Italia. Kwa watu wale ilikuwa safari ya kwanza ya vita. Wakirudi usiku, walipita juu ya kiwanja chao bila kujua, wakaendelea kusini kuingia jangwani. Mafuta yalipokaribia kuisha, wote 9 waliruka. Mmoja parashuti yake haikufunguka vizuri. Wanane walikutana, wakatembea siku nyingi kuelekea kaskazini, wakigawana chupa moja ya maji. Na ndege? Ilishuka yenyewe bila mtu, kilometa 700 hivi kutoka kiwanja, ikiwa na maji, chakula na redio ndani. Watafuta mafuta waliiona mwaka 1958. Mwaka 1960 miili ya watu 8 ikapatikana jangwani. Wa tisa hakupatikana.

Sasa tunauliza: katika habari hii, mwoga yuko wapi? Hayuko. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyedanganya. Kulikuwa giza, ugeni wa kazi, na kosa la watu waliojitahidi. Wenye filme walibadilisha ndege, na pamoja na ndege wakaleta mkosaji. Ni kusema, msiba ambao haukuwa na mwenyewe wamempa mwenyewe.

Hapa ndipo filme inatuumiza, maana ugonjwa huu tunaujua. Kwetu mtu akifa ghafula, kabla hata udongo haujakauka, utasikia: “Huyu hakufa bule, kuna mutu!” Basi anatafutwa mama mzee asiye na mtoto wa kumtetea, au ndugu aliyepata mali kidogo. Wangapi wamefukuzwa katika nyumba zao juu ya kifo ambacho kilikuwa malaria au ajali tu? Tena hiyo si heshima kwa mfu. Ni kutuliza hasira ya walio hai.

Kwa hiyo tunasema hivi. Filme hii mwitazame, maana inakumbusha kwamba mfu ana haki ya kuzikwa na watu wake. Lakini sehemu ya jenerali muitazame kwa macho mawili. Na wale wanaohesabu moteri, tusiwacheke tena. Mfu anadai kaburi, anadai pia tuseme kweli namna alivyokufa. Anayeuliza “moteri ngapi, watu wangapi, saa ngapi” anaweza kumwokoa mtu asiye na kosa. Tungekuwa na waulizaji wa namna ile katika matanga yetu, wazee wengi wangelala leo katika nyumba zao.