Mkato Mbele ya "N.k."

Muhula uliopita nilisahihisha insha za wanachuo wangu hapa Eldoret, vijana ambao kesho watashika chaki mbele yenu ninyi mnaosoma. Mmoja aliandika: "Wakulima wa Uasin Gishu hulima mahindi, ngano, viazi, na n.k." Nilipiga wino mwekundu mahali pawili, naye akaniuliza kosa lake ni lipi. Aliuliza kwa haki, maana sentensi za namna hiyo huonekana hata magazetini.

Kifupisho ni maneno yaliyokunjwa. Ukitaka kukijua, kikunjue ukisome kwa sauti. "N.k." ni "na kadhalika". Basi kijana wetu ameandika "na na kadhalika". Kiingereza nacho kina kosa pacha: wengi huandika "and etc.", na hali "et" ya Kilatini maana yake ni "na" vilevile.

Mkato je, ambao wengine huuita koma? Kwa desturi ya Kiingereza, "etc." imalizapo orodha hutanguliwa na mkato, na sentensi ikiendelea hufuatwa na mwingine. Desturi hiyo tuliipokea pamoja na vitabu. Lakini sisi huandika "mahindi, ngano na viazi", bila mkato mbele ya "na". Sioni kwa nini tuuweke kwa sababu tu "na" hiyo imejificha ndani ya kifupisho. Wako waandishi hodari wauwekao, nami sigombani nao, mradi wasiuweke ukurasa huu na kuuacha ule.

"K.m." ina tabia yake. Hapo mkato hutangulia, kwa kuwa msemaji hutua kidogo kabla ya kutoa mfano: "Leteni zana za shamba, k.m. jembe na panga." Vitabu vya Marekani huongeza mkato baada ya "e.g.", vya Uingereza aghalabu huuacha, na katika hili nawafuata Waingereza. Lililo baya ni kuanza na "k.m." na kumalizia kwa "n.k.", aliyekwisha kusema "kwa mfano" amekiri kwamba hakutaja vyote.

Hata hivyo, kosa lililonichoma kuliko yote halikuwa la mkato. Shule moja ya bweni, nisiyoitaja, ilimwandikia mzazi: "Mwanafunzi alete godoro, blanketi n.k." Mtoto alifika na godoro na blanketi, akarudishwa langoni kwa kukosa sanduku na ndoo. Nilimkuta kwenye kituo cha mabasi, ameketi juu ya godoro lake, barua mkononi. Niliisoma mara mbili nikilitafuta hilo sanduku. Lilikuwa ndani ya zile herufi mbili, pamoja na ndoo, na pamoja na nauli ya kurudi nyumbani. Alama zote za barua ile zilikuwa mahali pake: mkato baada ya godoro, na nukta baada ya kila herufi.