Kiambishi -ja- na Dhana Iliyofichika katika Swali

Vitabu vingi vya sarufi ya Kiswahili humfunza mwanafunzi kwamba -ja- ni ukanusho wa -me-: amefika, hajafika. Kwa umbo, kanuni hiyo ni sahihi. Kwa maana, ina upungufu ambao yafaa tuuchunguze.

Mwaka 1950 P. F. Strawson, akimpinga Bertrand Russell, alionyesha kuwa ziko kauli ambazo hulichukulia jambo fulani kuwa kweli kabla halijatamkwa. Kiambishi -ja- nacho mara nyingi hubeba dhana ya namna hiyo, yaani kwamba tendo linatazamiwa. Ndiyo maana anayemjulia mgonjwa hali haulizi, "Hajafa?" Kisarufi swali halina kosa, lakini jamaa watamwona muulizaji kama mtu anayengojea matanga.

Tutazame pia mwanamke anayeulizwa, "Umeolewa?" Akijibu "Sijaolewa," au kwa ufupi "Bado," amekwisha kukubali, apende asipende, kwamba kuolewa kunamngojea. Asiyekusudia kuolewa hana budi kuiacha kanuni ya kitabu na kusema, "Mimi siolewi." Hapo ataulizwa sababu. Aliyeikubali dhana hadaiwi maelezo. Aliyeikataa ndiye adaiwaye.

Kwa hiyo, ukanusho huu haufai kufundishwa kama badiliko la umbo tu. Mwanafunzi aliyepewa umbo bila dhana yake atajibu swali alilolisikia, na papo hapo aliitikie jingine ambalo hakulisikia.