Ilimba Iliyohama

Asikilizaye Uhamiaji, albamu ya Msafiri Zawose iliyotoka mwaka 2017, huenda akamlaumu kwa kuichanganya ilimba ya Wagogo na mitambo ya umeme. Lawama hiyo haina mizizi. Babaye, Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliihamisha ilimba kutoka Dodoma hadi Bagamoyo, akaiongezea vyuma, kisha akaisikizisha dunia kwa albamu ya Chibite (1996), iliyotolewa Uingereza. Mwana amerithi safari, si ala peke yake. Kasoro ni nyingine: mdundo wa mashine usiobadilika unapotanda, mtetemo wa ilimba humezwa. Mashine inapotulia, tunamsikia Msafiri mwenyewe, wala si kivuli cha babaye. Hapo ndipo pa kujenga.